Ufalme Humtunuku Msanii Unapomhitaji

Mwaka 1975 Charlie Chaplin, mzee wa miaka 85, alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya Malkia Elizabeth wa Pili, akatunukiwa cheo cha Sir. Kazi zilizompatia sifa, kuanzia The Kid ya mwaka 1921 hadi The Great Dictator ya mwaka 1940, zilikuwa za zamani kiasi kwamba watoto walioziona zikiwa mpya walikwishakuwa watu wazima. Kwa nini basi ilichukua muda wote huo? Nyaraka za serikali zilizofunguliwa mwaka 2002 zilitoa jibu. Jina lake lilijadiliwa mwaka 1956, likawekwa kando kwa sababu maofisa wa Uingereza waliogopa kuiudhi Marekani, ambayo ilimshuku kuwa mkomunisti na ikamfungia mlango mwaka 1952, na pia kwa sababu ya maneno yaliyozagaa kuhusu ndoa zake. Kati ya 1956 na 1975 sanaa ya Chaplin haikuongezeka uzito. Hali ya siasa ndiyo iliyobadilika: Marekani yenyewe ilimpokea tena mwaka 1972 na kumpa Oscar ya heshima, na hofu ya London ikakosa msingi. Mkasa huu unafundisha namna ya kuzisoma heshima za kifalme kwa waigizaji na watengenezaji filamu. Zinaeleza uhusiano wa msanii na dola katika mwaka fulani, na ubora wa kazi yake huja nyuma ya hapo.

Utaratibu wenyewe haufichwi. Majina hutangazwa mara mbili kila mwaka, Mwaka Mpya na katika sherehe rasmi ya kuzaliwa kwa mfalme mwezi Juni. Raia yeyote anaweza kupendekeza mtu. Kamati ya sanaa huchuja, kamati kuu hupitia, Waziri Mkuu hupeleka orodha, mfalme hutunuku. Kuna ngazi: MBE, OBE, CBE (nishani zenye jina la Himaya ya Uingereza), kisha Sir kwa mwanamume na Dame kwa mwanamke. Mgeni hupewa heshima isiyoambatana na jina, na ndiyo maana Steven Spielberg, aliyetunukiwa mwaka 2001, haitwi Sir.

Wanaotetea heshima hizi huanza na hoja nzito, nayo inastahili kusikilizwa hadi mwisho. Wanasema cheo hiki kiliitoa kazi ya uigizaji kwenye fedheha. Ni kweli fedheha ilikuwepo: sheria ya Uingereza ya mwaka 1572 iliwahesabu waigizaji wasio na bwana mkubwa wa kuwalinda kuwa sawa na wazururaji, na adhabu yao ilikuwa viboko. Kwa hiyo Henry Irving, aliyeuongoza ukumbi wa Lyceum jijini London, alipoguswa kwa upanga begani mwaka 1895 na kuwa mwigizaji wa kwanza kuitwa Sir kwa kazi ya jukwaani, fani nzima ilijiona imeinuliwa. Lakini tuangalie mpangilio wa matukio. Kabla ya siku hiyo Irving alikwishaigiza mbele ya Malkia Victoria, na watu wa tabaka la juu walikuwa wakigombea viti vya Lyceum. Serikali ilimgusia habari ya cheo tangu 1883, naye akakataa. Heshima ya umma ilitangulia; cheo kiliifuata na kuitia muhuri. Tena muhuri huo haukumfikia kila aliyeustahili. Ellen Terry aliigiza bega kwa bega na Irving kwa zaidi ya miaka ishirini, na waliojaza ukumbi walikuja kuwaona wote wawili. Yeye alisubiri hadi 1925, miaka thelathini baada ya mwenzake, kwa kuwa kabla ya 1917 mwanamke wa jukwaani hakuwa na cheo chochote cha namna hiyo cha kupewa. Na mwigizaji wa kwanza kuwa Dame, May Whitty, alitunukiwa mwaka 1918 kwa misaada aliyoiongoza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Uigizaji wake haukuwa sababu.

Sinema ilisubiri zaidi, na mlango wake ulifunguliwa na vita. Alexander Korda, mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Uingereza, alitunukiwa mwaka 1942, wa kwanza kutoka katika tasnia ya filamu ya nchi hiyo. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ametoa That Hamilton Woman, hadithi ya jemadari Nelson akipambana na Napoleon, aliyoitengenezea Hollywood wakati Marekani bado haijaingia vitani. Kila mtazamaji alielewa kwamba Napoleon wa filamu ile alikuwa Hitler, na Churchill aliipenda mno. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hata hivyo, iko filamu nyingine ya Korda inayogusa karibu zaidi. Mwaka 1935 alitayarisha Sanders of the River, iliyoongozwa na ndugu yake Zoltan, ikimsifu ofisa wa kikoloni wa Kiingereza anayewatuliza Waafrika wa Nigeria kama baba anavyotuliza watoto. Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyeigiza chifu Bosambo, baadaye aliikana kwa uchungu. Miongoni mwa Waafrika waliokusanywa London kuigiza sehemu ndogondogo alikuwamo Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi huko akitetea ardhi ya watu wake. Rais wa kwanza wa Kenya alivaa mavazi ya kuigizia katika filamu iliyodai kwamba watu kama yeye hawawezi kujitawala, na mtayarishaji wake akaitwa Sir miaka saba baadaye. Sidai kwamba Korda alitunukiwa kwa ajili ya filamu hiyo. Ninachosema ni kwamba kamera yake ilikuwa imeihudumia dola katika amani na katika vita, na dola huwakumbuka wanaoihudumia.

Hapa atasimama mtu na kuuliza: vipi kuhusu waigizaji kama Laurence Olivier, John Gielgud, Judi Dench, Maggie Smith? Nani atasema hawa hawakuwa mabingwa? Hakuna. Ubingwa ni sharti la kuingia kwenye orodha, na kwa kawaida kamati hulizingatia. Swali ni kwa nini bingwa huyu apate mwaka huu na yule angoje. Olivier aliruhusiwa kutoka jeshi la majini ili atengeneze Henry V, filamu ya mwaka 1944 iliyowapa Waingereza moyo vitani. Akawa Sir mwaka 1947, na mwaka 1970 akawa mwigizaji wa kwanza kupewa kiti katika Bunge la Malodi. Sean Connery, aliyejulikana dunia nzima kuliko karibu mwigizaji yeyote wa Uingereza wa kizazi chake, aliunga mkono chama kinachotaka Uskoti ijitenge. Habari zilizovuja mwaka 1998 zilieleza kwamba jina lake lilizuiwa na wanasiasa. Alitunukiwa mwaka 2000, mjini Edinburgh. Uwezo wake mbele ya kamera haukuwa umebadilika katika miaka hiyo miwili.

Hata hivyo ingekuwa dhuluma kudai kwamba cheo humfunga msanii mdomo. Mwongozaji Richard Attenborough alitunukiwa mwaka 1976. Akiwa tayari ni Sir alitoa Gandhi mwaka 1982, filamu isiyokwepa mauaji ya Amritsar, India, yaliyofanywa na jeshi la ukoloni wa Kiingereza, na mwaka 1987 akatoa Cry Freedom kuhusu Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, wakati serikali ya Margaret Thatcher ikipinga vikwazo vikali dhidi ya makaburu. Mfano huu naukubali wote. Unaonyesha kwamba msanii mwenye msimamo anaweza kuipokea heshima bila kuutoa msimamo wake. Haubadilishi, hata hivyo, ukweli kuhusu anayetoa na sababu zake za kutoa.

Wapo waliokataa. Ken Loach, mwongozaji aliyeyatoa maisha yake kuwaonyesha wafanyakazi na maskini, aliikataa OBE mwaka 1977, na baadaye akaeleza kwamba hawezi kupokea kitu chenye jina la himaya iliyojengwa kwa ushindi na unyonyaji. Mwigizaji Albert Finney aliukataa u-Sir mwaka 2000. Danny Boyle, aliyeandaa sherehe ya ufunguzi wa Olimpiki ya London ya 2012, naye alikataa. Husemwa kwamba watu hawa wanatafuta sifa ya kukataa. Kwa wengi wao ushahidi unapinga: utaratibu ni kumwuliza mtu kwa siri kabla ya kutangaza, na majina ya mamia waliokataa kati ya 1951 na 1999 yalitolewa na serikali mwaka 2012 tu, wenyewe wakiwa wamekwisha kufariki. Mwigizaji Vanessa Redgrave alikataa mwaka 1999 kisha akakubali mwaka 2022, na sioni aibu katika hilo. Mtu ana haki ya kuipima heshima upya kila inapokuja.

Jambo gumu zaidi linawahusu wasanii ambao wazazi wao walitoka katika makoloni. Steve McQueen, ambaye familia yake ilitoka visiwa vya Karibi, ndiye aliyeongoza 12 Years a Slave, filamu ya utumwa iliyompatia Lupita Nyong'o wa Kenya tuzo ya Oscar mwaka 2014. McQueen alipokea OBE, kisha CBE, na mwaka 2020 akatangazwa kuwa Sir. Nadhani alifanya sawa, kwa sababu Uingereza ni nchi yake pia, na mtoto mweusi wa London anapaswa kuona mtu anayefanana naye akiingia kwenye jumba la kifalme kwa mlango wa mbele. Kosa lipo upande wa wenye nyumba. Mwaka 2004 kamati ya Bunge la Uingereza ilipendekeza neno Himaya liondolewe katika nishani hizo na mahali pake liwekwe neno linalomaanisha ubora, tena ikataka vyeo vya Sir na Dame vifutwe kabisa. Serikali haikufuata pendekezo hilo. Wasanii kama McQueen wanaendelea kupewa, pamoja na pongezi, nishani yenye jina la dola iliyowatawala babu zao, ingawa jina hilo linaweza kubadilishwa.