Diski kubwa, shimo refu



Siku ya kwanza ya juma, asubuhi mapema, vijana wanne walifika ku dispanseri wakibeba ndugu yao juu ya mulango wa mbao. Masikio yake yalijaa udongo mwekundu, pumzi ilikuwa fupi, na mukono wa kuume ulikuwa umetoka katika bega. Baba yake ni mufanyakazi mwenzetu. Niliuliza: «Ni pikipiki?» Mudogo wake akajibu: «Hapana, muganga. Ni diski.»

Wengi wenu munajua detektere, ile mashine ya kutafuta dhahabu ambayo watu wanaipitisha juu ya udongo huku wakisikiliza sauti masikioni. Diski ni kile kipande cha chini, cha duara. Mashine inauzwa pamoja na diski yake. Lakini kuko viwanda vingine, kama Coiltek na Nugget Finder vya Australia, ao Detech cha Bulgaria, vinavyotengeneza diski za kubadilisha, ndogo na kubwa. Kijana huyu alitumia diski ya santimetri 28 mwaka muzima. Kisha akakopa pesa, akanunua ingine kubwa zaidi, kwa sababu muuzaji alimuambia: «Hii inasikia mpaka chini kabisa.»

Muuzaji hakusema uongo. Lakini hakusema kweli yote.

Diski inasikia namna gani?

Ndani ya diski kuko nyuzi za shaba zilizozungushwa. Umeme ukipita ndani yake, unatuma nguvu ya sumaku katika udongo. Nguvu hiyo ikikuta kitu cha madini, kitu kinarudisha jibu dogo, na mashine inaligeuza kuwa sauti. Diski kubwa inatuma nguvu mbali zaidi. Hiyo ni kweli. Lakini jibu la kitu kidogo linachoka upesi. Kitu kilicho mbali na diski kikishuka chini mara mbili zaidi, jibu lake linapungua zaidi ya mara 60.

Ndiyo sababu punje ndogo ya dhahabu haisikiki toka metre moja chini, hata ukinunua diski ya bei gani. Tena, diski kubwa inasikia punje ndogo vibaya kuliko diski ndogo, maana nguvu yake inatawanyika. Na ule unga wa dhahabu wa mutoni, wa kuosha katika karai, hausikiki na diski yoyote.

Basi, kitu kinacholia toka metre moja chini ni nini? Kinaweza kuwa dhahabu kubwa, ndiyo. Lakini mara nyingi ni chuma: kipande cha reli, bomba, pipa lililooza. Kijana wetu alifuata sauti mpaka shimo likamufika ku mabega. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wote aliutupa pembeni ya shimo. Ukuta ukavunjika.

Udongo unaua kwa njia gani?

Udongo wa kujaza sanduku la metre moja kila upande unapita kilo 1500. Si lazima ufunike kichwa. Ukikubana ku kifua, kila mara unapotoa pumzi, udongo unashuka na kukaza. Pumzi ingine haipati tena nafasi ya kuingia. Mutu anaweza kufa macho yake yakitazama ndugu zake.

Tukumbuke Kamituga, katika Kivu ya Kusini. Tarehe 11 Septemba 2020, nyuma ya mvua kubwa, wachimbaji karibu 50 walikufa katika mashimo ya dhahabu.

Mambo ya kushika

1. Shimo lisipite kiuno. Ukitaka kwenda chini zaidi, panua kwanza: kata kuta kama ngazi, ao uzitegemeze na mbao.

2. Udongo unaoutoa, utupe mbali na mudomo wa shimo, santimetri 60 ao zaidi.

3. Usichimbe peke yako. Usichimbe wakati wa mvua, wala kesho yake.

4. Hapa Ituri vita ilipita. Diski haijui bombe ni nini, inalia tu. Ukiona chuma chenye umbo la chupa, la yai ao chenye mabawa, usikiguse, usikigonge. Rudi kwa nyayo zako, weka alama ya kuonekana mbali, zuia watoto, ambia chifu na polisi.

5. Bote za kazi zenye chuma ku vidole zinaliza diski, kwa hiyo wengine wanazivua na kuvaa kandambili. Ni kosa. Tafuta bote za mpira zisizo na chuma. Nyoka na sururu hazihurumii vidole.

6. Diski kubwa ni nzito. Vaa mukanda wa mabega, badilisha mukono, pumzika kila nusu saa. Wengi wanaokuja kwangu na maumivu ya bega wanafikiri ni baridi.

7. Sheria ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inataka muchimbaji wa mikono awe na karte yake na achimbe katika eneo lililowekwa kwa kazi hiyo. Eneo la kompanyi si shamba la kutembeza detektere siku ya mapumziko.

Mwenzako akifunikwa

Usiruke ndani ya shimo: ukuta wa pili unaweza kufuata, na tutazika wawili. Ita watu, ondoa wale waliosimama pembeni. Ukuta ukiisha kutegemezwa, fungua kwanza kichwa na kifua, kwa mikono. Usimuvute kwa mikono yake ao kwa kamba. Ndugu za kijana walivuta kwa upendo, na bega likatoka. Mulaze juu ya ubao, mufunike apate joto, muleteni ku hopitali hata akisema: «Niko muzima.» Miguu iliyobanwa muda mrefu inaachilia sumu ya nyama katika damu. Sumu hiyo inaweza kuharibu figo ao kusimamisha moyo. Mukojo mweusi kama kahawa ni alama yake.

Kijana alikuwa na mbavu mbili zilizovunjika. Amepona. Diski kubwa aliiuza kwa hasara, amebaki na ile ya kwanza, na mashimo yake hayapiti magoti.

Ndugu zake walirudi kuchimba mahali pale, wakapanua vizuri, wajue ni nini kilichokuwa kinalia. Ilikuwa jante ya camion. Mama yake aliitundika ku muti wa mwembe, anaigonga jioni kuita watoto wakule. Nilipopita pale juzi, aliniambia: «Muganga, hii ndiyo dhahabu yetu. Nikiigonga, ninahesabu watoto. Wote wanafika.»