Ertuğrul Tunayemwamini Mno



Nina maoni ambayo yameniponza tangu nilipoyatoa barazani petu hapa Buxton, baada ya sala ya isha. Wenzangu wawili wa kahawa waliniambia kuwa nimezeeka, na wa tatu akaniuliza iwapo nimeanza kuwaonea Waturuki kijicho. Maoni yenyewe ni haya: tamthilia ya Kituruki ya Ertuğrul, inayopendwa na kuheshimiwa katika nyumba zetu nyingi, yahitaji kutazamwa kwa hadhari kubwa kuliko zile tamthilia za mapenzi tunazozilaani kila tunapokutana.

Nianze na kisa kilichonifikisha hapo. Mjukuu wangu ana miaka 13. Usiku mmoja wa Ramadhani iliyopita tulikuwa tumezunguka sinia, na mazungumzo yakaingia katika subira. Kijana akatamka maneno mazuri sana juu ya subira, akayanasibisha na Mtume (s.a.w.). Sikuwahi kuyasikia.

"Hadithi hiyo umeitoa wapi, mwanangu?"

"Aliisema Ibn Arabi, Babu."

"Katika kitabu gani?"

"Si kitabuni. Alimwambia Ertuğrul siku ile alipojeruhiwa."

Baba yake akacheka, bibi yake akacheka. Mimi sikuweza. Kesho yake nilimwendea maalimu wetu msikitini, akafunua vitabu vyake, wala hatukuipata. Huenda watunzi waliichota mahali fulani, huenda mfasiri aliyeandika yale maneno yapitayo chini ya kioo aliigeuza. Lililonitisha si hilo. Lililonitisha ni kwamba kijana huyu, ambaye akisikia jambo lolote shuleni huuliza ushahidi wake, hapa hakuuliza. Kanzu, kilemba, adhana kwa mbali, na mzee mwenye ndevu nyeupe anayezungumza kwa upole vilikuwa vimemtosha kuwa isnadi.

Sasa na tuseme yanayojulikana. Tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa na televisheni ya taifa ya Uturuki, TRT, mwaka 2014, ikamalizika mwaka 2019. Ina vipindi 150, na kila kimoja hukaribia saa 2. Anayeitazama yote ametoa kiasi cha saa 300 za umri wake. Imevuka mipaka mingi. Huko Pakistani aliyekuwa Waziri Mkuu, Imran Khan, aliisifu hadharani, na katika Ramadhani ya mwaka 2020 televisheni ya taifa ikaanza kuirusha kwa Kiurdu. Miezi michache kabla ya hapo, Dar al-Ifta ya Misri ilikuwa imetoa tamko la kuzionya tamthilia za Kituruki, ingawa tamko lile lilinukia siasa za Cairo na Ankara kuliko fiqhi, nami silitegemei katika hoja yangu.

Hoja yangu ni ndogo zaidi. Ertuğrul mwenyewe, yule wa kweli, karibu hatumjui. Ipo sarafu ya mwanawe Osman inayolitaja jina lake kuwa ni baba. Baada ya hapo, wanahistoria wa dola ya Uthmaniya walioandika habari zake waliandika zaidi ya miaka 100 baada ya kufa kwake, kwa masimulizi yaliyokwisha kupambwa. Mtungaji wa tamthilia, Mehmet Bozdağ, alikiri mwenyewe kwamba habari zilizopo za zama zile hazizidi kurasa chache. Kurasa chache zikazaa saa 300! Ama Sheikh Ibn Arabi, huyo twamjua vyema: alizaliwa Murcia, Andalusia, mwaka 1165, akakaa Anatolia kwa muda, akafariki Damascus mwaka 1240. Kwamba alikutana na Ertuğrul, akamtibu na kumwongoza, hakuna ushahidi wowote. Isitoshe, ni mwanachuoni ambaye maulamaa wamehitilafiana juu yake kwa karne nyingi. Kijana anayemjua kwa tamthilia hajui hata kwamba pana hitilafu.

Simlaumu mtungaji. Kutunga ndiyo kazi yake, wala hakuwahi kusema kuwa anaandika kitabu cha historia. Lawama ni yetu sisi tunaowaambia watoto, "Zimeni huo upuuzi, wekeni Ertuğrul," kama kwamba tunawahamisha kutoka mchezoni kwenda darasani.

Na huo tunaouita upuuzi ni upi? Katika miaka ya karibuni Citizen TV imetuletea Maria, kisha Zora, kisha Sultana, na mandhari ya pwani yamekuwa mapambo ya jioni za Wakenya wote. Nimesikia hotuba juu ya tamthilia hizi, na sehemu kubwa ya yaliyosemwa ni kweli: wivu, hila za mawifi, matajiri wasiojulikana wanafanya kazi gani. Lakini sijapata kumwona mtoto yeyote akamaliza kutazama Sultana kisha akaja kunipa fatwa. Watoto wetu huzicheka. Husema, "Hakuna nyumba kama ile hapa Mombasa," wakawaiga waigizaji jikoni. Akili zao ziko macho, kwa kuwa walikwishaambiwa kuwa mlango huo una mwizi. Mlango wa pili tumewaambia ni wa msikiti, wakavua viatu na kuingia.

Wazee wa umri wangu tusijifanye malaika. Tuliingia Regal na Naaz kutazama filamu za Kihindi, tukalia na Nargis katika Mother India, tukatoka tukivuma nyimbo ambazo hatukujua maana yake. Baba zetu walisema tumepotea. Juma Bhalo akazichukua tuni zile zile akazivisha mashairi ya Kimvita, na leo hao hao waliokemewa hulia wakizisikia harusini. Yule mtafiti Minou Fuglesang, aliyekaa Lamu na kuandika kitabu mwaka 1994 juu ya wasichana na mikanda ya video, aliwakuta wakizitumia filamu za Kihindi kuzungumzia mapenzi, ndoa na mitindo ya nguo, mambo ya maisha yao wenyewe. Filamu ilikuwa mahali pa kuzungumzia. Hakuna aliyeidhani kuwa ni sira.

Wenzangu wa barazani walikuwa na jibu, nami nalikiri kuwa ni zito. Walisema: kijana wetu amekua akijiona katika filamu za wengine kama gaidi au haramia. Mfano wao ulikuwa Captain Phillips, ya mwaka 2013, juu ya meli ya Maersk Alabama iliyotekwa mwezi Aprili 2009 ikielekea hapa kwetu Kilindini. Katika filamu ile Mombasa ni bandari inayongoja mizigo tu. Basi kijana akimwona Mwislamu aliyepanda farasi, mwenye haya, anayemheshimu mama yake na kuanza kila jambo kwa bismillahi, roho yake hutulia. Ni kweli. Mjukuu wangu mwenyewe alianza kuamka alfajiri bila kuitwa katika miezi ile, na sitalikana jambo hilo kwa kutaka kushinda mjadala.

Hata hivyo nilimuuliza aliyelisema: je, umepata kumwonyesha mwanao Watu Wote? Hakuijua. Ni filamu fupi ya mwaka 2017, haifiki nusu saa, iliyoteuliwa kushindania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Inatokana na tukio la Desemba 2015 huko Mandera, pale al-Shabaab waliposimamisha basi na kutaka abiria Wakristo watengwe, na abiria Waislamu wakakataa kuwatoa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari 2016. Huyu hakupanda farasi. Ni Mwislamu wa Kenya, aliyekuwa akisafiri kwa basi kama tusafirivyo, na habari zake zina ushahidi wa waliokuwapo. Maoni yangu ya pili yasiyopendeza ni kwamba dakika zile chache zina faida kwa kijana wa Buxton kuliko vipindi vyote 150. Na hata hiyo ilitengenezwa na wanafunzi wa filamu kutoka Ujerumani, wakiongozwa na Katja Benrath. Sisi tulikuwa wapi?

Swali hilo ndilo linalonikosesha usingizi zaidi. Kutoka hapa Buxton hadi Ngome ya Yesu ni mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu, ukipitia Marikiti na Mji wa Kale. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ndani ya kuta zile kumepita kisa ambacho Waturuki wangalikipata wangalitengeneza misimu kumi. Mtoto Yusuf bin Hassan, ambaye baba yake, Sultani Hassan, aliuawa mwaka 1614 kwa njama ya kapteni wa Kireno, alichukuliwa akiwa mdogo hadi Goa, akabatizwa, akalelewa na mapadri wa Augustino, akapewa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Akarudishwa Mombasa kuwa mfalme chini ya mkono wa Wareno. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akarudia Uislamu na kulirudia jina lake. Jeshi lililotumwa kutoka Goa halikuweza kumng'oa. Mwaka 1632 aliondoka mwenyewe kwa jahazi, akawa mtu wa baharini, hata akafia Jeddah.

Jumamosi moja baada ya Idi nilimchukua mjukuu wangu hadi huko. Tulikaa kivulini, nikamsimulia yote. Macho yalimwangaza, na upesi akaanza kumgawia Yusuf mavazi na upanga wa Ertuğrul. Ndipo nikamsimulia na lililobaki: kwamba katika siku zile waliuawa pia Wakristo wa mji huu waliokataa kuacha dini yao, Wareno na Waafrika, wanawake na watoto wakiwemo, na kwamba habari nyingi za mauaji yale tumezipata kwa maandishi ya mapadri na ya mahakama ya Goa, ambao nao walikuwa na lao la kutaka kulisema.

Akanyamaza muda mrefu kwa mtoto wa umri wake.

"Sasa, Babu, huyu alikuwa shujaa au hakuwa?"

Nikamuuliza yeye angemwonyeshaje lau angekuwa ndiye mtengenezaji wa filamu. Akasema angeanzia Goa, na mtoto analia usiku kwa kuwa amesahau neno moja la Kiswahili. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kuuliza kuhusu Ertuğrul hata mara moja: "Nani aliyeandika kwamba aliuliwa baba yake, na yeye alijuaje?"

Tulirudi kwa miguu. Njiani nilimnunulia viazi karai, naye akaendelea kuuliza, mengine nikiyajua na mengine nikimwambia tutayatafuta. Ertuğrul hatujaizima nyumbani. Amefika msimu wa nne, nami hukaa naye siku hizi badala ya kwenda barazani mapema. Akitaja jambo, tunaliandika katika daftari ili tukalitafute. Kurasa mbili zimejaa, na maalimu amekwisha kutuomba tupunguze kumwendea. Sasa kijana anataka habari za Mwana Mkisi na Shehe Mvita. Nimemwambia aanze kwa bibi yake, maana yeye alizisikia kwa mama yake, na mimi nilizisoma tu.