Ujira wa Fundi na Fomu Isiyojazwa

Katika kila mradi wa ujenzi unaoangukia chini ya Sheria ya Davis-Bacon nchini Marekani, mkandarasi anatakiwa kubandika karatasi ya viwango vya ujira mahali ambapo wafanyakazi wataiona. Karatasi hiyo ina safu mbili za tarakimu: ya kwanza ni ujira wa saa moja, ya pili ni mafao. Juu ya kila kundi la viwango pana msimbo ambao wengi huupita bila kuusoma, nao ndio wenye habari kubwa kuliko tarakimu zenyewe. Maelezo ambayo Wizara ya Kazi ilikuwa ikiyaambatisha kwa miaka mingi yalitoa mfano: SULA2012-007 5/13/2014. Herufi SU zinasema kiwango kimetokana na utafiti, mara nyingi kwa kukokotoa wastani. LA ni jimbo la Louisiana. 2012 ni mwaka wa utafiti, na tarehe ya mwisho ni siku utafiti ulipokamilika. Msimbo unaoanza na PLUM ni habari nyingine kabisa: hicho ni kiwango cha chama cha mafundi bomba, kilichotoka kwenye mkataba wao wa hali bora, na tarehe yake ni siku kilipoanza kutumika.

Mkataba ukijadiliwa upya, kiwango cha PLUM nacho kinapanda. Cha SU kwa miongo mingi kilikaa palepale mpaka serikali irudi kufanya utafiti mwingine, na serikali ilikuwa hairudi upesi. Mafundi wawili, kazi moja, sheria moja. Mmoja analipwa kwa bei za mwaka huu, mwenzake kwa bei za miaka kumi iliyopita.

Davis-Bacon ilitiwa saini na Rais Herbert Hoover tarehe 3 Machi 1931. Mbunge Robert Bacon wa New York alikuwa ameanza kuisukuma tangu 1927, baada ya mkandarasi kutoka Alabama kushinda zabuni ya kujenga hospitali ya maveterani huko Long Island na kuja na wafanyakazi wake kutoka Kusini, akawaacha mafundi wa pale wakitazama. Hoja yake ilikuwa kwamba serikali, kwa kuwa ndiyo mnunuzi mkubwa wa ujenzi, isitumie ukubwa wake kushusha ujira wa mahali inapojenga. Hoja hiyo naiunga mkono bila kusita. Lakini historia ya sheria hii ina doa, na doa lisifichwe: katika mijadala ya Bunge wapo waliosema waziwazi kwamba wanachopinga ni nguvukazi rahisi ya watu weusi, na vyama vingi vya mafundi enzi hizo vilikuwa vikimfungia mlango fundi mweusi. Anayeitetea sheria leo ana wajibu zaidi wa kuuliza ni nani anahesabiwa na nani anaachwa nje.

Sheria inasema mfanyakazi kwenye mradi wa serikali alipwe si chini ya kile kinacholipwa kwa kawaida katika eneo hilo kwa kazi kama yake. Inaanzia kwenye mikataba inayozidi dola 2,000, kiasi kilichowekwa mwaka 1935 na hakijabadilishwa mpaka leo, kwa hiyo karibu kila kazi inaingia. Kilichobaki ni kujua: eneo hilo hulipa kiasi gani? Hapo ndipo unapoingia utafiti.

Idara inayohusika ya Wizara ya Kazi hutuma fomu, WD-10, kwa wakandarasi na kwa wenye maslahi wengine, vikiwemo vyama vya wafanyakazi. Fomu inataka kujua mradi gani, ulikuwa wapi, ulikuwa wa aina gani kati ya aina nne zinazotambuliwa (majengo, nyumba za kuishi, barabara, na kazi nzito kama mabwawa na mabomba ya maji machafu), mafundi wa kila fani walikuwa wangapi katika wiki ile waliyokuwa wengi zaidi, na walilipwa ujira gani na mafao gani. Kujibu ni hiari.

Neno hiari ndilo linaloharibu kila kitu kinachofuata. Hebu tufikirie mkandarasi mdogo wa kupaua mapaa katika kaunti ya mashambani. Ana vijana wanane, mke wake ndiye anayeshika daftari la malipo, na fomu imemfikia wakati mvua zinakaribia na paa la mteja liko wazi. Ili aijaze sawasawa inabidi afukue mradi wa mwaka jana, atafute wiki iliyokuwa na watu wengi, amtenganishe fundi wa paa na seremala ingawa kijana ni yuleyule, kisha agawe mchango wa bima ya afya kwa saa za kazi. Hakuna anayemlipa kwa kazi hiyo. Kama hajawahi kugusa zabuni ya serikali, hata haoni inamhusu nini. Chama cha wafanyakazi, kwa upande wake, kina ofisi, kina karani, na kina kiwango kimoja kilichoandikwa kwenye mkataba kwa kila mwanachama. Chama kinajibu. Sikilaumu hata kidogo, maana kinafanya kile ambacho kila mtu alipaswa kufanya. Lakini mwenye majibu mezani ndiye anayeonekana kuwa ndiye eneo lenyewe.

Mwaka 2011 Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, mkaguzi anayelifanyia kazi Bunge, ilichunguza tafiti nne. Ikakuta kwamba robo ya viwango vya fani muhimu vilitokana na taarifa za wafanyakazi sita au pungufu. Watu sita wanakaa kwenye gari moja la kwendea kazini, na ujira wao unakuwa sheria kwa kaunti nzima. Mwaka 2019 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Kazi naye akatoa ripoti: kati ya viwango 134,738 vilivyokuwa vimechapishwa, asilimia 3 vilikuwa havijaguswa kwa muda wa miaka 21 hadi 40. Asilimia 3 inaonekana ndogo mpaka uipige hesabu. Ni viwango zaidi ya elfu nne, na nyuma ya kila kimoja wapo watu wanaobeba zege kwa bei ambazo baba zao walizijua.

Hata hivyo, ugomvi mkubwa mjini Washington kwa muda mrefu umekuwa juu ya kanuni ya kukokotoa. Kuanzia 1935 ilikuwa hivi: kama hakuna kiwango kinacholipwa kwa walio wengi, basi kinachukuliwa kile kilicholipwa kwa angalau asilimia 30 ya wafanyakazi, hicho nacho kisipokuwepo, wastani. Serikali ya Ronald Reagan ikaifuta kanuni ya asilimia 30 mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikabaki nusu-na-zaidi au wastani. Mwaka 2023 Wizara ikairudisha, na ikaanza kutumika tarehe 23 Oktoba mwaka huo.

Tofauti yake si ndogo. Chukua maseremala 100 katika kaunti moja, kwa mfano tu. 35 wako chamani na wote wanalipwa dola 38 kwa saa. 65 hawamo, kila mmoja na bei aliyopatana na mwajiri wake, na kwa wastani wanapata dola 22. Kwa kanuni ya Reagan, hakuna kiwango kilichofika nusu, kwa hiyo unapigwa wastani: dola 27 na senti 60. Huenda hakuna seremala hata mmoja katika kaunti ile aliyewahi kulipwa kiasi hicho. Kwa kanuni ya 1935 na ya sasa, jibu ni dola 38, ambazo kweli zimelipwa kwa watu halisi, ingawa ni wachache kuliko wale 65. Mimi nachagua ya pili. Kiwango kilicholipwa kweli kina haki zaidi ya kuitwa desturi ya mahali kuliko tarakimu iliyozaliwa kwenye kikokotoo. Anayepinga ana hoja nzito, kwamba theluthi isiwasemee theluthi mbili, na hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa takwimu bora. Kwa majibu ya watu sita, pande zote mbili zinabishana juu ya hewa.

Mafao ndiyo yanayoumia zaidi. Mwaka 1964 Bunge liliongeza kwamba ujira wa mahali usihesabiwe bila bima ya afya, pensheni, likizo yenye malipo na mafunzo ya uanagenzi. Michango ambayo mwajiri analazimika kuitoa kwa sheria, kama ya hifadhi ya jamii au fidia ya ajali, haihesabiki. Kiwango kikiwa dola 30 za ujira na dola 12 za mafao, mwajiri anaweza kuzipeleka zile 12 kwenye mfuko wa bima na pensheni, au kumkabidhi fundi dola 42 taslimu. Sasa angalia safu ya pili kwenye viwango vya vibarua katika kaunti nyingi za Kusini ambako vyama havina nguvu: mara kwa mara utakuta 0.00. Huenda ni kweli kwamba hawapewi kitu. Huenda pia aliyejaza fomu hakujua namna ya kugawa mchango wa bima kwa saa, akaiacha nafasi wazi. Karatasi haikuonyeshi tofauti, na kibarua anayeumwa mgongo akiwa na miaka 45 analipia zote mbili kwa bei ileile.

Marekebisho ya 2023 yaligusa kidonda kimoja. Viwango vya SU vilivyochakaa sasa vinaweza kupandishwa kwa kufuata kipimo cha gharama za ajira cha Idara ya Takwimu za Kazi, si zaidi ya mara moja kila miaka mitatu. Ni hatua ya kweli, nami naipongeza. Ila ukikipandisha kiwango kilichokosewa tangu mwanzo, kosa linapanda nacho.

Wapo wanaotaka kazi yote ikabidhiwe idara hiyo ya takwimu, inayochagua sampuli kitaalamu. Shida ni kwamba utafiti wake mkubwa wa ujira kwa fani hauhesabu mafao, wala takwimu zake za kila eneo hazitenganishi barabara na nyumba za kuishi. Kuna njia iliyo karibu zaidi. Kila wiki, wakandarasi wa miradi ya serikali hupeleka orodha za malipo zilizothibitishwa kwa saini: cheo cha kila mfanyakazi, saa zake, ujira na mafao yake. Kwa barabara na kazi nzito, taarifa za miradi hiyo hutumika katika tafiti. Kwa majengo na nyumba za kuishi, kanuni inazizuia mpaka taarifa nyingine zikosekane, kwa hofu kwamba kiwango cha serikali kitajizaa chenyewe. Hofu hiyo ina msingi. Lakini inatufundisha kwamba uwezo wa kukusanya malipo ya kila wiki, kwa jina la kazi na kwa senti, upo na umefanya kazi kwa miongo mingi. Bunge likiamua, linaweza kumtaka kila mkandarasi anayechukua fedha za umma alete pia, mara moja kwa mwaka, malipo ya miradi yake ya binafsi, kwa fomu ileile ambayo karani wake tayari anaijua, na wenye kampuni ndogo walipwe muda wanaoutumia kuijaza. Na nakala ya kilichoandikwa apewe fundi mwenyewe, aweze kusema kama ndicho alicholipwa.