Kapu la taka lililoniponza: sitiari ndani ya kompyuta

Leo tuongelee kitu tunachokiona kila tukikaa kwenye mashine ya kafe ila hatukiiti kwa jina lake: sitiari. Ndiyo, ileile ya somo la fasihi. Tulifundishwa "Juma ni simba". Juma hana mkia wala manyoya, ana ushujaa tu. Sasa kompyuta nayo imejaa sitiari. Mle ndani hakuna meza, hakuna folda, hakuna dirisha wala kapu. Kuna umeme na namba, basi.

Zilianzia wapi? Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ya Marekani ilitoa kompyuta iitwayo Star. Waliolengwa ni watu wa maofisini, sio mafundi. Enzi hizo kompyuta nyingi zilitaka uandike amri kwa maneno ambayo lazima uyakariri. Wabunifu wa Star wakachora kwenye kioo vitu ambavyo karani anavijua tayari: karatasi, folda, kabati la mafaili, kikapu cha barua. Mwaka 1983 Apple wakatoa Lisa, yenye kapu la taka. Ndiyo asili ya ile sehemu ambayo watafsiri wetu wanaiita eneokazi.

Sasa sikilizeni. Sitiari hizi sio mapambo. Zinagawa kazi kati ya mtu na mashine. Kapu la taka linasema hivi: wewe tupa, mimi nitakutunzia mpaka uamue kunimwaga. Hiyo ni ahadi. Na ahadi isipofika kila mahali, mtu anaumia.

Mimi yalinikuta. Nilikuwa naomba kazi, mwisho wa kupokea maombi ni saa kumi jioni siku hiyohiyo. Vyeti nilivyoskani na barua yangu vilikuwa kwenye flashi. Flashi ikajaa, nikaanza kufuta vitu harakaharaka, kumbe nimefuta na folda yenyewe. Sikustuka. Si kuna kapu? Nikaingiza nyimbo zangu, halafu nikafungua kapu. Tupu!

Nikamwita dada wa kaunta. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mdogo wangu, flashi haina kapu. Ukifuta huko imeenda."

Ni kweli, kwenye Windows vitu vya flashi kwa kawaida haviendi kwenye kapu. Mashine iliniuliza kwa Kiingereza kama nafuta moja kwa moja, nikabofya ndiyo bila kusoma, maana picha ya kapu ilishanijibu kichwani. Dada akajaribu programu ya kurudisha mafaili, kwa sababu kitu kikifutwa mara nyingi hubaki mpaka kingine kiandikwe juu yake. Lakini mimi nilishaandika nyimbo juu yake. Vyeti viwili vilirudi, barua haikurudi. Saa kumi ikapita.

Hata wakubwa waliwahi kuchemsha. Kwenye Macintosh ya 1984, ukitaka kutoa disketi ungeweza kuikokota mpaka kwenye kapu la taka. Yaani unaitupa ili uipate! Watu waliogopa kazi zao zitafutika. Baadaye kwenye Mac OS X wakarekebisha: ukiikokota diski, picha ya kapu inageuka kuwa alama ya kutoa. Safi, picha yenyewe inakwambia imebadili kazi.

Ipo na ya dirisha. Unafunga dirisha, unalipa, unaondoka. Lakini kufunga dirisha sio kutoka nyumbani. Akaunti yako mara nyingi bado iko wazi, na anayekaa kiti hicho baada yako anaweza kuingia bila hodi. Toka kwenye akaunti kwanza, ndiyo ufunge.

Siku hizi sitiari kubwa ni ya mtu. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, tunaongea na programu kama vile tunaongea na rafiki. Picha ya mtu inaahidi mengi: kwamba anaelewa, na kwamba asipojua atasema. Hiyo programu inapanga maneno yanayoelekea kufuatana, na inaweza kukosea huku inaongea kwa kujiamini kabisa. Kwa hiyo gawaneni kazi vizuri. Yeye aandike rasimu, wewe uhakiki tarehe, majina na hesabu. Jina kwenye barua ni lako.

Na nyie mnaosoma kutengeneza programu, msitafute picha nzuri tu. Jiulizeni ahadi ya hiyo picha inaishia wapi, halafu mwonyesheni mtumiaji mpaka huo kabla hajabofya, kwa lugha anayoielewa.

Mimi sasa barua zangu naziweka sehemu mbili. Je, wewe picha gani kwenye kompyuta iliwahi kukuponza? Tiririka hapo chini, wadau.