Nyota Kumetameta, na Kioo Kinachozituliza

Katika mwezi wa Agosti, yapata saa mbili na nusu za usiku, mtu akisimama ufukweni Kilwa Masoko au Lindi na kuinua macho upande wa kusini, ataona ukanda mweupe wa nyota uliopita juu sana, karibu na utosi. Katika ukanda huo limo kundi la Nge, lenye mkia uliopinda. Kando ya mkia huo ndipo kilipo kitovu cha galaksi yetu, yaani ule mkusanyiko mkubwa wa nyota ambao jua letu ni moja tu kati yake. Kitovu hicho hupita kiasi cha digrii 20 tu kutoka utosini mwa Kilwa. Mtu wa London hukiona chini kabisa, karibu na paa la nyumba ya jirani, tena akibahatika kukosa mawingu.

Msomaji akikaza macho ataona pia kwamba nyota hizo hazitulii. Humetameta, hasa zile zilizo chini karibu na bahari, na hasa usiku ambao kusi inavuma. Jambo hili limesifiwa sana na watunga mashairi, lakini kwa wataalamu wa nyota limekuwa adui wa zaidi ya miaka 300. Lau asingalipatikana mtu wa kuzituliza nyota, tusingalijua kwa hakika kilichomo mle kitovuni.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba nyota yenyewe haina kosa. Nuru yake husafiri miaka mingi katika utupu bila ya kuguswa na kitu. Huharibika mwishoni kabisa, inapoingia katika hewa yetu. Hewa haikulala sawasawa. Imejaa mapande mapande, mengine ya moto na mengine ya baridi, yanayosukumwa na upepo na kuchanganyika daima. Nuru hupita upesi kidogo katika hewa ya moto kuliko katika hewa ya baridi, na kwa hiyo hupindwa huku na huku. Kila mtu ameliona jambo hili. Mchana wa jua kali, tazama lami ya barabara itokayo Nangurukuru: vitu vilivyo mbele huonekana vinacheza kama vimo majini. Au waulize wanaochokoa pweza wakati wa maji kupwa. Upepo ukitulia, jicho huona hata kidole cha pweza ndani ya tundu lake. Upepo ukivuma kidogo tu na kukunja uso wa maji, pweza hapotei, lakini umbo lake huvurugika. Sisi sote tunaishi chini ya bahari ya hewa, na nyota twazitazama kama pweza amtazamavyo mvuvi.

(Zuhura haimetimeti sana kwa kuwa iko karibu, nayo ni duara si nukta. Kila nukta ya duara hilo humeta kwa wakati wake, na zote pamoja husawazishana.)

Sasa, watu wengi hudhani kwamba ukitaka kuona vizuri zaidi, dawa ni kutengeneza darubini kubwa zaidi. Ni kweli nusu. Kioo kikubwa hukusanya nuru nyingi, kama vile karai pana likusanyavyo maji mengi ya mvua, na kwa hiyo huonyesha nyota hafifu. Lakini kwa habari ya kuona vitu vidogo vidogo, hewa huweka mpaka. Darubini ya Palomar huko Marekani, iliyofunguliwa mwaka wa 1948, ina kioo chenye upana wa mita 5. Na bado, kwa sababu ya hewa, picha zake za nuru ya kawaida hazikuwa kali kupita zile ambazo kioo cha sentimita 20 kingeweza kutoa.

Tuupime mpaka huo kwa vitu vya nyumbani. Kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, kuvuka mlango wa bahari, ni yapata kilomita 2. Katika usiku mzuri, juu ya mlima mzuri, hewa huruhusu darubini kutambua kitu chenye ukubwa wa punje ya hindi kwa umbali huo. Kilicho kidogo kuliko hapo hugeuka ukungu. Lakini kioo cha mita 8, kama pasingekuwa na hewa, kingetambua chembe ya mchanga kule Kisiwani, hata kwa nuru ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Tofauti ya punje ya hindi na chembe ya mchanga ndiyo hasara tunayotiwa na hewa.

Newton alilijua tatizo hili. Katika kitabu chake Opticks, kilichochapwa mara ya kwanza mwaka wa 1704, alisema kwamba hewa hutetemeka daima, wala haikuwako dawa ila kwenda juu ya milima mirefu ambako hewa imetulia. Ushauri wake ulifuatwa, na ndiyo maana darubini kubwa zimejengwa Mauna Kea huko Hawaii, na katika milima mikavu ya Chile. Mwambao wetu, kwa hewa yake nzito yenye unyevu, si mahali pa kazi hiyo, nasi hatuna haja ya kuona haya kwa hilo. Dawa nyingine ni kupeleka darubini nje ya hewa kabisa, kama ilivyopelekwa Hubble mwaka wa 1990. Lakini gharama yake ni ya kutisha.

Dawa ya tatu ilipendekezwa mwaka wa 1953 na Horace Babcock, mtaalamu wa vituo vya Mount Wilson na Palomar. Wazo lake lilikuwa hili: ikiwa hewa inapinda nuru, basi na kioo kijipinde, kinyume na hewa, ili kosa moja lifute jingine. Yeye alifikiria kioo kilichopakwa utando mwembamba wa mafuta, ambao ungekunjwa kwa kurushiwa elektroni. Hakikujengwa. Hewa hubadilika mara mamia kwa sekunde, na zama hizo hapakuwa na kompyuta ya kupiga hesabu kwa kasi hiyo.

Mtambo wa siku hizi hufanya kazi hivi. Nuru ya nyota ikiisha kuingia katika darubini, sehemu yake hupelekwa kwenye kipimo chenye lenzi ndogo nyingi zilizopangwa kama vyumba vya sega la nyuki. Kila lenzi hutupa nukta moja ya nuru. Kama nuru imefika ikiwa imenyooka, nukta zote hukaa katika mistari. Kama hewa imeikunja, nukta hii husogea kushoto, ile kulia, nyingine juu. Kompyuta husoma jinsi kila nukta ilivyokwenda kombo, na papo hapo huamuru visukumio vilivyo nyuma ya kioo chembamba, hiki kisukume, kile kivute. Kioo hakina haja ya kujipinda kwa kiasi chote cha kosa. Nuru huenda hadi kwenye kioo kisha hurudi, kwa hiyo nusu yatosha. Na nusu hiyo huwa ni sehemu za elfu chache za milimeta. Kisha kipimo hutazama tena, na kazi huanza upya. Mama aliyejitwika ndoo ya maji kichwani hufanya hivyo hivyo njia nzima: shingo yake hujibu kila mtikisiko kabla maji hayajamwagika, wala yeye hafikiri.

Waliofanikiwa kwanza hawakuwa wataalamu wa nyota. Jeshi la Marekani lilitaka kuzitazama satelaiti za watu wengine, na mwaka wa 1982 lilikuwa na mtambo wa namna hii juu ya mlima Haleakala, Hawaii. Mengi ya elimu hiyo yalifungiwa kabatini. Huku nyuma, wataalamu wa Ulaya wakaanza safari yao wenyewe, na mwaka wa 1989, huko Ufaransa, wakafaulu kunyoosha nuru ya nyota kwa kioo kidogo chenye visukumio 19.

Shida kubwa ilibaki moja. Kipimo kinahitaji nyota angavu ya kutazama, nayo lazima iwe jirani kabisa na kitu unachokitafuta. Sehemu kubwa ya mbingu haina nyota kama hiyo. Basi ikaonekana afadhali kutengeneza nyota ya bandia. Kiasi cha kilomita 90 juu yetu kuna tabaka jembamba la sodiamu, mabaki ya vimondo vinavyoungua vikiingia angani (kile cha Mbozi ni kimoja cha wachache wakubwa waliofika chini). Sodiamu ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika chumvi inayovunwa katika mashamba ya mwambao wetu. Mpishi yeyote aifahamu rangi yake: maji ya chumvi yakifurika kutoka sufuriani na kuangukia moto, ndimi za moto hugeuka manjano. Ukirusha juu mwali wa leza wenye rangi hiyo hiyo hasa, sodiamu ya angani huwaka, na nukta ya manjano hutokea mahali unapotaka.

Mmarekani Will Happer alilitoa wazo la sodiamu mwaka wa 1982, katika mkutano wa siri. Wafaransa Foy na Labeyrie, bila ya kujua, wakaandika wazo la nyota ya leza hadharani mwaka wa 1985. Mwaka wa 1991 Wamarekani wakaamua kuifungua siri yao, kwa maana haikuwa siri tena. Kwa maoni yangu, miaka hiyo ilipotea bure. Elimu ilipokuwa wazi hata madaktari waliichukua: mwaka wa 1997, katika chuo kikuu cha Rochester, kioo cha kujipinda kilisahihisha kasoro za jicho la mtu aliye hai, na seli za nyuma ya jicho zikaonekana moja moja.

Sasa turudi kwenye kitovu kilicho juu ya mapaa yetu. Kiko mbali kiasi cha miaka ya nuru 26,000 na zaidi kidogo, na kimefichwa na vumbi ambalo nuru ya kawaida haipenyi, bali ya infraredi hupenya. Tangu miaka ya 1990 vikundi viwili, kimoja cha Reinhard Genzel kikitumia darubini za Chile na kingine cha Andrea Ghez kikitumia zile za Mauna Kea, vilifuatilia nyota zilizosongamana pale. Vioo vya kujipinda vilipofungwa, ukungu ulitengana ukawa nyota moja moja. Nyota mojawapo, S2, ilionekana ikizunguka mahali pasipo na kitu chochote cha kuonekana, mzunguko mmoja kwa miaka 16. Mwezi wa Mei 2018 ilipita karibu kabisa na mahali hapo, ikienda zaidi ya kilomita 7,000 kwa sekunde. Kwa mwendo huo wakapiga hesabu ya uzito wa kinachoivuta: sawa na majua milioni 4, katika nafasi finyu mno. Hakuna kitu kingine kijulikanacho chenye sifa hizo isipokuwa shimo jeusi. Genzel na Ghez walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2020, pamoja na Roger Penrose aliyekuwa amefanya hesabu zake zamani.

Mlimani Paranal, Chile, darubini moja ya mita 8, iitwayo Yepun, leo ina kioo cha namna hii chenye upana wa mita 1.1 na unene wa milimeta 2 tu. Kina visukumio 1,170, na tangu mwaka wa 2016 miali minne ya leza huiwashia nyota zake za bandia. Jirani yake inajengwa darubini ya mita 39, yenye kioo cha visukumio zaidi ya 5,000. Nyota S2 itakaribia tena shimo lake mnamo mwaka wa 2034, na mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza wa leo bado atakuwa kijana.