Silikanti: samaki wa kale wa vilindini anayemalizwa na jarife

Mwezi wa Disemba mwaka 1952, katika kisiwa cha Nzwani kule Komoro, mvuvi mmoja aitwaye Ahamadi Abdallah alivua samaki mkubwa kwa mshipi, akampeleka soko la Domoni kama samaki mwingine yeyote. Kwa watu wa Komoro hakuwa jambo geni. Walimwita gombesa, na walijua kuwa nyama yake ina mafuta mengi, si tamu, na huendesha tumbo. Wengi walipomnasa hawakumfurahia.

Lakini kwa wataalamu wa Ulaya na Afrika Kusini, samaki huyo alikuwa na thamani ya pauni 100. Zilikuwa zimesambazwa karatasi zenye picha yake, na mtu sokoni akaitambua sura. Habari zilipofika Afrika Kusini, Profesa J.L.B. Smith alimwomba Waziri Mkuu, D.F. Malan, ampe ndege ya jeshi aende akamchukue. Akapewa. Alipomwona samaki amelazwa ndani ya sanduku, mzee yule alilia.

Kwa nini mtu mzima alie kwa ajili ya samaki? Kwa sababu tangu karne ya 19 wataalamu walimjua samaki wa jamii hii kutokana na mabaki yaliyogeuka mawe tu. Kwa hesabu zao alianza kuonekana miaka kama milioni 400 iliyopita, akatoweka pamoja na wale wanyama wakubwa waitwao dinosau, miaka milioni 66 iliyopita. Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Kisha Disemba 1938 meli ya uvuvi ilimleta mmoja mpaka mji wa East London, Afrika Kusini. Bi Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji huo, alimwona ndani ya fungu la samaki, akamchora na kumtumia Smith mchoro. Ndiyo sababu jina lake la kitaalamu ni Latimeria. Sisi kwa Kiswahili twamwita silikanti.

Maumbile yake

Silikanti hufikia urefu wa karibu mita 2 na uzito wa karibu kilo 100. Akiwa hai ana rangi ya buluu iliyokoza, yenye madoa meupe, na kila mmoja ana madoa yake asiyofanana na mwenzake, kama alama za vidole vyetu. Mapezi yake hayakuota moja kwa moja mwilini kama ya changu au kolekole. Yamekaa juu ya vigutu vya nyama na mifupa, na huyapeleka kwa zamu, la kulia mbele na la kushoto nyuma, kama mnyama wa miguu minne atembeavyo.

Kichwani ana kiungo kinachonasa umeme mdogo utokao kwenye miili ya viumbe wengine, hivyo aweza kutambua windo gizani. Fuvu lake lina kiungo katikati, kwa hivyo mdomo hupanuka sana. Ubongo wake ni mdogo ajabu, wajaza sehemu ndogo tu ya nafasi ya fuvu, na palipobaki ni mafuta.

Mchana hujificha ndani ya mapango ya miamba, mara nyingi kwenye kina cha mita 100 hadi 300, yaani kuanzia pima 55 kwenda chini. Usiku hutoka na kuelea polepole akitafuta chakula. Hana haraka kabisa.

Uhai wa polepole

Hapa ndipo ilipo hatari yake. Mwaka 2021 watafiti kutoka Ufaransa walichunguza magamba ya silikanti 27 kwa mwanga maalumu, wakihesabu miduara ya miaka kama ile ya shina la mti. Walikuta kwamba samaki huyu huenda akaishi hadi miaka 100. Hawi mzazi mpaka afikishe umri wa miaka 50 na kitu. Tena hatagi mayai baharini. Mayai yake, makubwa kama chungwa, huanguliwa tumboni, na mama hubeba mimba kwa muda wa kama miaka 5.

Tafakari hesabu hiyo, ndugu msomaji. Dagaa hutaga maelfu ya mayai na hukomaa kabla mwaka kwisha. Ukivua dagaa leo, kesho wapo wengine. Lakini silikanti jike akinaswa leo, wa kushika nafasi yake atakuwa tayari kuzaa baada ya nusu karne. Mwaka 1991 jike mmoja aliyenaswa na meli kwenye maji ya Msumbiji alikutwa na watoto 26 tumboni. Wote walikwenda naye kwa siku moja.

Ndiyo maana ameorodheshwa kimataifa katika daraja ya mwisho kabla ya kutoweka mwituni, na biashara ya kumuuza kati ya nchi na nchi imepigwa marufuku.

Ni jirani yetu

Huenda mtu akasema haya ni mambo ya Komoro na Afrika Kusini. La. Mwaka 2001 silikanti alinaswa na meli ya kukokota nyavu katika bahari ya Malindi, huyo akiwa wa kwanza kuandikwa kutoka Kenya. Mwaka 2003 akapatikana Songo Mnara, karibu na Kilwa. Kuanzia 2004 wavuvi wa upande wa Tanga, hasa Kigombe, walianza kuwanasa mmoja baada ya mwingine, mpaka serikali ya Tanzania mwaka 2009 ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Kutoka Vanga hadi Tanga si mbali, na samaki hajui mpaka wa nchi.

Kwa nini walionekana ghafla? Hawakuhamia. Ni nyavu zetu zilizowafikia. Zile nyavu za macho makubwa za kutegea papa, jarife, zilianza kushushwa kwenye miteremko ya miamba, kina cha mita 100 hivi, na kuachwa usiku kucha. Huo ndio wakati silikanti hutoka pangoni. Madagaska nako, ambako wavuvi huziita jarifa, silikanti wamenaswa kwa namna hiyo hiyo. Hakuna anayemtafuta. Hunaswa kwa bahati mbaya, hafai kuliwa wala kuuzwa, na akipandishwa juu, kwenye maji ya moto na yenye hewa kidogo kwake, hufa baada ya saa chache.

Wa pili ni meli za kukokota nyavu sakafuni. Nyavu hizo hazichagui. Hubeba kilichotakiwa na kisichotakiwa, na huvunja makazi ya viumbe yaliyochukua miaka mingi kujengeka. Wavuvi wa Malindi na wa Ghuba ya Ungwana wamelalamikia meli hizi kwa miaka.

Wa tatu ni taka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, na tukashukuru. Lakini chupa na vifungashio vyaendelea kumiminika kila mvua inaponyesha, na kilindi hakimbakishii mtu siri yake. Plastiki imeonekana hata katika Mtaro wa Mariana kwenye bahari ya Pasifiki, kina cha karibu kilomita 11, mahali penye kina kirefu kuliko pote duniani.

Tumlaumu nani?

Ni rahisi kumnyooshea kidole mvuvi wa jarife. Mimi sioni haki kuishia hapo. Mvuvi hakushuka kwenye pima 60 kwa kupenda. Alishuka kwa sababu mwambani hapana tena samaki wa kutosha kulisha nyumba, na kwa sababu mapezi ya papa yana wanunuzi wa mbali wenye pesa. Ukimnyang'anya jarife bila kumpa njia nyingine, umeokoa samaki na kuwalaza watoto na njaa. Hilo nalo ni dhulma.

Lakini yapo yanayowezekana. Kamati za BMU zaweza kukubaliana kuwa jarife zisitegwe usiku kwenye miteremko mikali ya kina kirefu, hasa palipo na mapango. Wavuvi wenyewe ndio wanaojua ilipo, kuliko ofisi yoyote. Serikali ya kaunti isaidie kwa mikopo ya mishipi na vyombo imara vya kufuata jodari mbali na miamba, si semina za hotelini tu. Meli za kukokota zisimamiwe kwa ukali ule ule anaofanyiwa mvuvi wa ngalawa. Na mvuvi akimnasa silikanti aliye hai, akate wavu na kumwachia papo hapo. Akiwa amekufa, apeleke habari kwa BMU au kwa KMFRI, Mombasa, asitupwe, kwani kila mmoja ana jambo la kuwafunza wataalamu. Naye asitishwe wala kushtakiwa kwa kusema kweli, ama sivyo wa pili atazikwa mchangani kimyakimya.

Dini yetu yatufundisha kuwa bahari ni neema tuliyotiishiwa tule na tupate riziki, lakini kwa amana, bila israfu. Samaki huyu amepita zama ambazo wanyama wakubwa kuliko ndovu hawakuzipita. Asiishie kwenye wavu wa papa, ambako hana faida hata kwa yule aliyemnasa.