Husuni Kubwa na Nchi ya Bara: Kasri la Sultani wa Kilwa Likitazamwa kutoka Nachingwea na Ruangwa

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa zimo katika mkoa mmoja na Kilwa Kisiwani, yaani Mkoa wa Lindi. Hata hivyo, katika maandishi mengi ya historia, wilaya hizo na kisiwa hicho husomwa kama nchi mbili zisizojuana. Kisiwa huwekwa pamoja na Aden, Shiraz, Sofala na Uchina, ilhali nchi ya Wamwera huanza kutajwa katika karne ya 19 tu, wakati misafara ya Wayao ilipokuwa ikishusha pembe za ndovu na watumwa hadi Kilwa Kivinje. Makala haya yanaeleza historia na usanifu wa Husuni Kubwa, kasri kubwa kuliko yote yaliyojengwa na masultani wa Kilwa, kwa kushikilia hoja moja: kasri hilo halielezeki kikamilifu kwa kutazama bahari peke yake.

Mjenzi wake ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali uliotwaa utawala wa Kilwa mwishoni mwa karne ya 13. Utawala wake hukadiriwa kuwa kati ya mwaka 1310 na 1333. Katika magofu ya kasri lilipatikana jiwe lenye maandishi ya Kiarabu linalomtaja kwa jina na kumpa cheo cha al-Malik al-Mansur, yaani mfalme aliyejaliwa ushindi. Magofu hayo yalichimbuliwa na Neville Chittick, na matokeo kuchapishwa katika juzuu mbili (Chittick, 1974) ambazo hadi leo ndizo msingi wa mjadala wowote juu ya jengo hili. Jina Husuni latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, nalo linapotosha kidogo, kwani jengo lenyewe lilikuwa makazi na mahali pa biashara, wala halikukusudiwa kwa vita.

Kasri limejengwa juu ya genge linalotokeza baharini, mashariki ya mji wa kale, likiwa na vyumba zaidi ya 100. Mwendo mzuri wa kulieleza ni ule wa mgeni aliyefika kwa chombo. Angeshuka ufukweni chini ya genge, kisha apande ngazi hadi sehemu ya kaskazini, ambayo ndiyo makazi ya mtawala. Hapo upo ua wa baraza, ulioshushwa chini ya usawa wa vyumba na kuzungukwa na vidato vya mawe ambavyo watu waliweza kuvikalia wakati shauri likisikilizwa. Karibu na ua huo limo birika la kuogea lenye pembe nane, lililochongwa kwa ustadi ambao haujapata mfano wake katika magofu mengine ya pwani hii. Juu ya genge hakuna mto wala chemchemi. Maji ya birika yalipaswa kutekwa kisimani na kubebwa, na waliobeba si wale waliooga.

Mbinu za ujenzi ni zile zile za pwani nzima, isipokuwa zimepanuliwa kufikia kiwango kisichokuwa cha kawaida. Kuta ni za mawe ya matumbawe ya nchi kavu yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya matanuri ya kuni. Kwa kazi za nakshi, kama vile miimo ya milango, matao na mapambo ya ukutani, yalitumika matumbawe yaliyokatwa baharini yangali laini, ambayo hukauka na kuwa magumu yakipata hewa. Mapaa mengi yalikuwa bapa, yakibebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ina urefu wake, upana wa vyumba hauzidi sana meta 3, na ndiyo sababu nyumba za mawe za pwani huwa na vyumba vyembamba na virefu hata pale ambapo mwenye nyumba hakupungukiwa na mali. Wasanifu wa al-Hasan walijaribu kuivunja kanuni hiyo kwa kuezeka baadhi ya sehemu kwa kuba na matao. Jaribio kama hilo laonekana katika upanuzi wa Msikiti Mkuu wa Kilwa, unaohusishwa na sultani huyo huyo. Garlake (1966) aliyaweka majengo haya katika historia pana ya usanifu wa Kiislamu, na mpangilio wa nyua zake umelinganishwa na makasri ya Waabbasi nchini Iraki. Ulinganisho huo una uzito, lakini umewavutia watafiti kiasi cha kuwasahaulisha upande wa pili wa jengo.

Upande huo ni Ua wa Kusini. Huo ni uwanja mpana uliozungukwa na safu za vyumba vinavyofanana, ambavyo hufasiriwa kuwa maghala na mahali pa biashara. Swali la maana basi ni hili: vilihifadhi nini? Jibu la kawaida ni dhahabu ya Sofala, na halina kosa. Sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe, na Sutton (1998) ameifungamanisha fahari ya Kilwa na biashara hiyo ya dhahabu. Lakini dhahabu haihitaji safu za vyumba. Bidhaa zinazohitaji nafasi ni nguo, vyombo, nafaka na pembe za ndovu, na pembe haziokotwi ufukweni.

Ushahidi wa maandishi unatoka kwa Ibn Battuta, aliyezuru Kilwa mwaka 1331. Anasimulia habari za fakiri kutoka Yemen aliyemwomba sultani nguo alizovaa. Sultani akazitoa, zikakombolewa kwa watumwa kumi, kisha sultani akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe. Msafiri huyo anaeleza kwamba zawadi za huko kwa kawaida zilikuwa pembe, na kwamba sultani alikuwa akifanya mashambulizi katika nchi ya Wazanji waliopakana naye na kurudi na ngawira. Hataji nchi hiyo kwa jina la kabila wala la mto, na haitakuwa haki kuiandika Nachingwea au Ruangwa juu ya ukurasa wake. Linalobaki wazi ni kwamba ukarimu uliompa sultani lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, ulilipiwa na watu na tembo wa bara.

Ibn Battuta pia anasema kuwa nyumba za Kilwa zilikuwa za miti, zikiezekwa kwa matete, wala kasri halielezi. Wengine wameona hapo kasoro ya kumbukumbu yake. Fasiri nyepesi zaidi ni kwamba mji aliouona ulikuwa hivyo kwa sehemu kubwa. Kwa msomaji aliyekulia Ruangwa, ambako nyumba ya miti na udongo yenye paa la nyasi ni jambo la kawaida, maelezo hayo hayana ugeni wowote: kasri lilisimama pembeni ya mji ambao wakazi wake wengi walijenga kama watu wa bara.

Husuni Kubwa haikukamilika, na ilikaliwa kwa muda mfupi. Ibn Battuta anaongeza kwamba Daud, nduguye al-Hasan aliyerithi kiti, aliwaambia waombaji kuwa mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Huenda katika jibu hilo zimo habari za hazina iliyomalizwa na matanuri ya chokaa. Nachingwea inaijua hali ya mradi mkubwa kuachwa njiani, kwani mradi wa karanga wa Waingereza ulioanzishwa mwaka 1947 ulivunjika mapema katika muongo uliofuata, ingawa uliacha reli na bandari ya Mtwara.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi za ukarabati. Bahari ingali ikilila genge upande wa kaskazini, yalipo makazi ya sultani. Ua wa Kusini uko mbali zaidi na mawimbi.